Usipige Mluzi Pasipo na Maji

Akiru,

Ejok, nakusalimu. Siku yako ya mwisho nyumbani umempelekea mwanamke mwingine. Naliandika hilo kwanza ili lisinikwame kooni. Kesho asubuhi basi la Kitale linakubeba uende Nairobi, na leo, badala ya kukaa na mimi hapa kivulini tugombane kama kawaida yetu, umedandia gari la Kakuma kwenda kumuaga Mama Solange. "Ata, nitarudi kabla jua halijatua." Bibi yako nimesikia. Hata mbuzi wangu hurudi kabla jua halijatua, na hawanitangazii kama ni zawadi.

Usiucheke mwandiko. Shuleni nilifika darasa la tatu, baba akanitoa nikachunge. Haya mengine niliyaokota ngumbaru, nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yanagonga mbao. Ng'aturkana ninaisema tangu kuzaliwa lakini kuiandika sikufundishwa, kwa hiyo kivumilie Kiswahili changu. Cha Mama Solange ulikivumilia, tena ukakiita kitamu.

Sitakuandikia ule nini huko Nairobi, ulale saa ngapi, usitembee na nani. Umekula na kulala kwangu tangu mama yako alipoolewa Kaikor akakuacha bado unatambaa, na hujafa. Hayo unayajua. Nataka kuandika juu ya mluzi, ule niliokuamuru juzi uufute. Najua hukwenda Kakuma kuaga tu. Umekwenda kuutoa kwenye kazi yako, wewe na yeye, kwenye kompyuta yake, kwa sababu mimi nimesema. Na tangu gari lako liondoke sijatulia. Nimefagia uwanja mpaka mchanga umechoka.

Tangu utoto wako wewe ulikuwa sikio lenye miguu. Watoto wa wenzangu walikuwa wanakula mchanga, wewe unausikiliza. Tukichimba kisima kwenye mto mkavu, laga ya Kawalase, mimi nimezama ndani mpaka kifuani, wewe huko juu umelaza shavu ukingoni: "Ata, yanakuja." Nami nakujibu, nyamaza, maji hayana miguu. Halafu jembe linaingia kwenye unyevu. Nilijivuna, sikukuambia. Nilidhani masikio hayo ni yangu, ya kunitafutia mimi maji uzeeni. Kumbe nilikuwa nawatunzia watu.

Maana ulipokua ukaenda kile kituo cha vijana pale kambini Kakuma, wanakofundisha kamera na sauti, na huko ukampata huyo mwalimu wako, Mama Solange, mkimbizi wa Kongo aliyekuwa mtu wa redio kwao. Ukaanza kurudi nyumbani na kinasa sauti na ile maikrofoni yako yenye manyoya kama sungura aliyekufa. Mbuzi wakainusa. Majirani wakaniuliza, "Mjukuu wako anamlisha nini yule mnyama?" Nikawajibu, anamlisha upepo. Na kweli ulikuwa unamlisha upepo. Unakaa chini ya mikoma kando ya Turkwel tangu asubuhi, unanasa majani yanavyosuguana. Mto ukifurika unawakimbilia vyura. Mvua ikipiga mabati, watu wanakinga ndoo, wewe unakinga manyoya.

Siku moja nikakuuliza, hizo sauti zote unazipeleka wapi? Ukakaa ukanieleza vizuri, bila dharau, hilo nakupa. Ukasema upepo unaulaza chini. Juu yake njiwa. Juu ya njiwa kengele za mbao za ngamia. Kila sauti inasikika na hakuna inayomziba mwenzake. Halafu unaleta picha zako, mchanga, vivuli, maji yanavyopanda shimoni, vyote vinakuwa kitu kimoja cha kutazama na kusikiliza. Nikakuambia: hiyo ni kama shanga. Huzivai zote siku moja. Unaongeza uzi juu ya uzi, mwaka juu ya mwaka, na ule wa chini kabisa, ambao hakuna anayeuona, ndio unaoshikilia nyingine. Ukiukata, shingo nzima inateremka.

Ukaruka juu. "Ata! Ni hivyo hasa!"

Wiki haikuisha, nikakusikia kwenye simu unamweleza mwenzako: "Ni kama shanga, Mama Solange anasema." Mama Solange anasema! Yule ana shanga gani? Ana mkufu mmoja mwembamba wenye msalaba, ukikatika hata yeye hatajua. Siku hiyo nilikunywa chai ikiwa moto sana ili nipate sababu ya kuguna.

Halafu ikaja siku ya maonyesho ya kazi yako, huko huko Kakuma. Nilivaa shanga zangu zote. Nilijipaka mafuta. Yule mama akaja kunisalimia kwa mikono miwili, siwezi kusema hana adabu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Mama, karibu sana, ikala hapa mbele. Mutoto wetu iko na masikio ya ajabu."

"Mtoto wetu, mimi na nani?" nikamwuliza.

Akacheka. Alidhani namtania.

Taa zikazimwa, lile shuka jeupe likawaka. Mchanga ukaanza kutembea. Sauti zikatoka kila pembe, upepo ukanizunguka kichwa mpaka nikaishika leso yangu isipeperuke. Wewe ni fundi, Akiru. Nalisema hapa kwa sababu mdomoni halitatoka. Lakini mimi sikuwa nasikiliza ufundi. Nilikuwa natafuta. Mto huu ni mimi niliyekupeleka. Kengele hii ni ya ngamia wa jirani yangu. Njiwa hawa ni wa mti wangu. Na mimi niko wapi? Sikutaka hotuba. Ningeridhika na kikohozi. Mara nikasikia: tu, tu, tu. Mchi kwenye kinu. Nikageuka, nikamwona yule mama anatabasamu kwenye giza, nikajua mchi ni wake.

Tulipotoka nilikubana ukutani. Unakumbuka.

"Uliniambia hakuna watu humu. Sauti za asili tu."

"Ndiyo, Ata."

"Na ule mchi?"

"Ni mchi tu, Ata. Ni sombe, majani ya muhogo. Si sauti ya mtu."

"Kwa hiyo huko Kongo mchi unajitwanga wenyewe?"

Ukainama. Ukauliza polepole, "Ata, hakuna kitu kingine ulichosikia?"

"Nilisikia sombe," nikasema, nikaondoka na shanga zangu.

Sasa nikikumbuka, muda wote wa maonyesho wewe hukuwa unatazama shuka. Ulikuwa unanitazama mimi. Lakini mtu mwenye wivu hatazami anayemtazama, anatazama anayetabasamu.

Tulikaa na hilo, mimi na wewe, kama moshi ndani ya nyumba. Mpaka juzi. Ulikuwa unapanga mizigo, ukaiweka spika juu ya kigoda uijaribu, ukaacha kazi yako iimbe yenyewe ukaingia ndani. Mbuzi walikuwa wamelala kivulini. Mimi nimesimama langoni mwa boma na fimbo. Kwanza akainuka yule beberu mzee mwenye sikio lililochanika. Kisha wengine, wote. Wakaenda mpaka pale kwenye kigoda, wakainamisha vichwa, wakaanza kuramba mchanga.

Wakaramba mchanga, Akiru. Na mimi nimesimama na fimbo kama mgeni kwenye boma langu.

Ndipo nikatega sikio. Chini ya upepo, kile kitu ambacho Kakuma nilidhani ni mkoma unaolia, kilikuwa mluzi. Mrefu, wa chini chini, unaovunjika mwishoni pale pumzi inapoponyoka kwenye pengo la meno yangu ya chini. Mluzi wangu wa maji. Ulininasa kisimani nikiwanywesha, sijui siku gani, na mimi sikujitambua. Nani hujisikia akipiga mluzi? Ukitoka unakwenda mbele. Anayeujua ni mbuzi.

Ukatoka mbio, unacheka na machozi yamekulenga. "Umesikia sasa, Ata? Ni wewe! Uko chini kabisa, kazi yote imelala juu yako!"

Nami nikasema, "Futa."

"Ata..."

"Futa. Umewadanganya mbuzi wangu."

"Ni sauti tu iliyonaswa, Ata."

"Mwambie huyo anayeramba mchanga kwamba ni sauti tu."

Ukaizima spika. Kisha ukasema, "Nikiutoa patabaki pengo. Nitajaza na nini?"

"Jaza na mchi."

Mdomo huu huu ndio uliosema hivyo. Na leo tangu asubuhi nausikia huo mchi, tu, tu, tu, unaingia mahali pangu. Simu iko hapa karibu na goti langu, ina chaji, ina salio. Ningekupigia niseme usifute. Lakini nitasemaje, na yule mama ameketi ubavuni mwako anasikia? Aseme nini moyoni, bibi ameshindwa? Sipigi. Ndiyo maana naandika. Barua hii nitaiweka juu ya ngozi unayolalia, uisome ukifika, maana tukionana uso kwa uso nitakugombeza tu, na usiku utaisha.

Ile hasira ya juzi uliiona. Kilicho chini yake hukukiona, na wewe ndiye mtu wa vitu vya chini, basi sikiliza.

Mluzi wa maji si mluzi wa kuita. Huo unaujua, umekua ukiusikia. Mnyama akishainamisha kichwa, unampigia taratibu, ili anywe bila hofu, anywe mpaka ashibe, kwa sababu hajui kesho atakunywa wapi. Ni kama unamwambia, maji yapo, hakuna anayekufukuza. Ndiyo maana haupigwi pasipo na maji. Hata kwa mchezo. Watoto wanachapwa kwa hilo.

Mimi niliupiga pasipo na maji.

Nilipoolewa nilimkuta mke mkubwa, Nakeny. Hakuwa mzuri wa uso. Mimi nilikuwa mzuri, usibishe, waulize waliobaki. Lakini Nakeny akikaa kando ya hori lake la mti akapiga mluzi, mbuzi walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma, na mume wetu alisimama ameegemea fimbo anamtazama yeye tu. Iliniuma. Nikaanza kumsikiliza kwa siri. Sikutaka anifundishe, nilitaka nimwibie. Nilipoupata mluzi wake vilivyo, siku mume anakuja kisimani na wageni, nikasimama upande wangu nikaupiga. Mbuzi wakamwacha Nakeny hawajashiba, wakanijia mimi. Wanaume wakacheka. "Tazama, wanampenda mdogo!" Mbele yangu hapakuwa na tone. Na kicheko kilikuwa kitamu, kwa hiyo siku nyingine nikarudia.

Kikaja kiangazi. Maji kisimani yakawa ya kuchota kwa kikombe. Nakeny anapiga mluzi, mbuzi wanainua vichwa, wanatazama huku na huku. Hawaamini. Wanaonja, wanaondoka. Wewe ni mtoto wa Turkana, sina haja ya kukuandikia mbuzi anayeondoka kwenye maji hajashiba anafika wapi.

Hakunichapa. Bora angenichapa. Alinikalisha ubavuni pake kando ya lile hori, akawaleta mmoja mmoja. Maji kidogo, mluzi kidogo. Kesho tena. Hata alipokuwa hana mate ya kulowesha midomo alipiga. Mpaka wakaanza kuamini. Halafu akaweka mkono juu ya goti langu akasema, "Sasa wewe." Hivyo ndivyo nilivyopewa kile nilichokuwa nimeiba.

Kwa hiyo juzi nilipowaona mbuzi wanaramba mchanga, sikukuona wewe na spika yako. Nilimwona msichana mmoja mjinga aliyesimama mbele ya hori kavu, anachekelewa.

Na hili nalo nililipata leo nikifagia, na silipendi, lakini nitaliandika. Mluzi huo nilioulilia kwamba umeniibia si wangu. Ni wa Nakeny, naye alipewa na mama yake. Na Nakeny hakunizaa. Alikuwa mwanamke mwingine tu, niliyekuwa simpendi, aliyeketi karibu na mimi akanifundisha kusikia. Mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea akanikuta napiga mluzi wa watu, alinuna siku nzima. Nilimwona mpumbavu.

Usidhani wivu umeisha. Haujaisha. Ukirudi jioni unanukia sombe nitakunusa na nitanuna. Nawaonea wivu hata hao wa Nairobi watakaosikia unavyoongea ukiwa usingizini. Naionea wivu spika, kwamba mbuzi wangu waliifuata wakaniacha mimi na fimbo. Kitu kimoja tu kinanifariji: yule mama ana meno yake yote. Hata akijaribu mwaka mzima, mluzi ule hautamtoka. Atatoa mate.

Unaenda kuwaita watu kwa sauti, Akiru. Hiyo ndiyo kazi uliyoichagua, na unaiweza, niliona pale Kakuma watu wazima wameinamisha vichwa gizani kama wako kisimani. Kile kimya chao kilinitisha. Nilifurahishwa na kicheko cha wanaume kwa siku mbili, na wewe utapigiwa makofi na watu wengi zaidi ya hao. Makofi ni matamu. Mtu anaweza kuzoea kuita tu.

Basi fanya hivi. Kesho nitawanywesha mbuzi mapema, kabla ya basi lako. Maji nimeshayachota. Kama umeufuta mluzi, leta huyo sungura wako umsogeze mdomoni kwangu, nitaupiga upya, safari hii nikijua kuwa nanaswa. Ukiniambia nimeupiga vibaya kwa sababu najua, tutarudia, mbuzi wana kiu ya kutosha. Na kama hukuufuta, kwa sababu tangu uzaliwe hujawahi kunitii, njoo tu usimame karibu nami wakinywa. Sitauliza ni lipi kati ya hayo mawili. Nitaona mikono yako kama imebeba kitu.

Lakini popote mluzi huo utakaposikika, weka maji. Maji ya kweli, si picha ya maji. Hapo sakafuni, chini ya shuka, mbele ya watu. Wakikuuliza ni ya nini, wewe ndiye msomi, utajua la kuwajibu. Pasipokuwa na mbuzi, si kitu. Huenda pakawa na mtu.

Nimekutolea lile karai letu lililobonyea, ndilo mbuzi wangu wanalolijua. Limefungwa kwenye mzigo wako kwa kamba, na kamba nimeikaza mimi, usijisumbue kuifungua ulirudishe. Kesho watanywea hori la Nakeny. Bado lipo pale nyuma ya zizi, halijapasuka. Najua utaona aibu kupanda na karai kwenye basi la Kitale, na vijana wenzako wamebeba mabegi. Ona aibu. Itakwisha kabla ya Kitale. Na Mama Solange akikupa leo beseni zuri la rangi, pokea kwa mikono miwili, sema asante, ufulie nguo.

Jua limeanza kuinama. Kuna gari limepita barabarani, nikasimama, halikuwa lako.

Mbuzi wamerudi. Bado wewe.

Ata wako